Siku Niliyoweka Simu ya Mama Ngoie

Mimi sikupiga makofi. Mliniona.

Jumamosi ile mlinialika kwenye mkutano wenu wa madijei pale Katuba, mkanipa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi zangu, na katibu wenu akasoma kanuni mpya. Ya kwanza kabisa ilikuwa hii: dijei hachukui simu ya mgeni. Mtu akileta simu na kusema "weka wimbo huu," jibu ni hapana, awe bibi harusi, awe pasta, awe mwenye sherehe mwenyewe. Mkapiga makofi. Kijana aliyekaa karibu nami akaniuliza kwa nini mikono yangu imebaki kwenye magoti. Nilimwambia nitajibu kwa kuandika, maana nikisema mbele yenu mtanikatiza kabla sijafika katikati. Basi jibu langu ni hili. Lisomeni lote, ndipo mnifute kwenye orodha yenu kama mnataka.

Huku Lubumbashi kazi yetu tunaiita sono. Sono ni bafle, yaani spika kubwa, ni amplifa, ni mikro, na ni mtu anayekaa nyuma ya vyote hivyo tangu asubuhi watu wanapopanga viti. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini. Sikuja kuwaambia kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Zamani kanda ilimezwa na mashine katikati ya dansi ya maharusi, ukaanza kuivuta nje kama matumbo ya kuku, na ukoo mzima umesimama unakutazama. Kompyuta zenu ni nzuri. Masikio yenu pia ni mazuri, nimeyasikia. Ninachokataa ni hiyo kanuni.

Sababu zenu nazijua. Simu ya mgeni ina sauti mbaya. Mgeni mmoja ukimkubalia, kumi wanapanga mstari. Na simu inaweza kulia katikati ya wimbo. Yote ni kweli, na tena niwaambie jambo ambalo katibu wenu hakulisema kwa sababu alikuwa hajazaliwa kwenye kazi hii: hiyo kanuni niliianzisha mimi.

Ilikuwa harusi ya mchana, ukumbi wa parokia, simu zenye muziki ndiyo kwanza zinaingia mjini. Msimamizi wa bwana harusi alikuja na simu yake mpya ya Kichina, ile yenye laini mbili, akataka niweke wimbo wake kwa ajili ya kuingiza keki. Nikaichomeka bila kuuliza kitu. Keki iko katikati ya ukumbi, maharusi wameshika kisu, simu ikaita kwenye bafle nne. Nikabonyeza kitufe ili inyamaze. Kumbe nimebonyeza cha kupokea. Sauti ya mwanamke ikajaa ukumbini: "Weye ulisema uko Kasumbalesa tangu yana. Kasumbalesa gani iko na ndule vile?" Ndule ni muziki, na Kasumbalesa iko mpakani, mbali na ukumbi ule. Mke wa msimamizi alikuwa ameketi safu ya pili, na yule aliyepiga hakuwa yeye. Watu walicheka mpaka keki ikasahauliwa. Msimamizi hakucheka. Mke wake alisimama, akakunja kitambaa chake, akaenda nyumbani kwa miguu.

Kesho yake nikaandika kwenye kipande cha karatoni: SIMU YAKO IKAE MUFUKONI. Nikakibandika mbele ya meza yangu ya kuchanganyia sauti. Wenzangu wakakiona, wakaandika vyao. Hapo ndipo sheria yenu ilipotoka: kwenye aibu ya mtu mmoja aliyebonyeza kitufe kibaya. Dawa ya kosa lile ilikuwa kutoa laini kwenye simu kabla ya kuichomeka, kazi ya dakika moja. Mimi badala ya kujifunza hiyo kazi ya dakika moja, nikafunga mlango kwa kila mtu.

Na nilikuwa nimefundishwa vizuri zaidi ya hivyo. Aliyenifundisha ni Papa Mulunda, fundi wa umeme wa migodi, ambaye kila Jumapili alipiga sahani za muziki kwenye cercle, klabu ya wafanyakazi. Mara ya kwanza aliponiachia mashine, tulikuwa tunamaliza matanga ya mzee mmoja. Mjane akanipa kanda, akasema ni nyimbo za kanisa alizozipenda marehemu. Sikuisikiliza. Upande niliouweka ulikuwa na wimbo wa mume anayefukuzwa na mke wake kwa mwiko wa bukari, na mjane yuko pale amevaa nyeusi. Papa Mulunda alizima, akaomba radhi kwa niaba yangu, kisha akanivuta nyuma ya nyumba. Nilingoja aniambie nisichukue tena kanda ya mtu. Hakusema hivyo. Alisema, "Kwanza sikio yako, kiisha ya bantu. Muntu akikupa wimbo yake, usikatae na usikubali. Sikiliza." Kila dijei aliyekataa kabla ya kusikiliza, Papa Mulunda alimwita mvivu. Mimi na karatoni yangu niligeuka mvivu, na niliendelea hivyo miaka kadhaa, mpaka mwaka ule bei ya shaba ilipoanguka.

Ninyi mlikuwa wadogo, labda mnakumbuka tu kwamba baba alianza kushinda nyumbani. Viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Wageni wengine, wenye viwanda hivyo, waliacha tanuru lingali na moto, wakapanda ndege. Njia ya Kasumbalesa, ambako malori yalikuwa yanalala wiki nzima, unaipita bila kukanyaga breki. Watu wa Ruashi waliokuwa wamefikisha nyumba zao kwenye madirisha waliacha hapohapo, na matofali yakaota majani.

Katikati ya mambo hayo nikaitwa na kiwanda kimoja upande wa Ruashi. Jina lake sitalitaja, na siku hizi kinaitwa jina lingine. Walitaka sono kwa ajili ya feti, yaani sherehe, ya wafanyakazi na familia zao, siku ya Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Nilishangaa, kwa sababu viwanda vingine vinalia na hiki kinacheza. Nilifurahi pia, sitawadanganya. Mume wa dada yangu, shemeki yangu Musonda, alikuwa akifanya kazi pale kwenye mashine ya kusaga mawe, na mimi nilijiambia: angalau nyumba ya dada yangu imepona.

Mkubwa wa personeli, yule wa kuajiri na kufukuza, alinipokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa adabu, kofia nyeupe, sauti ya chini. Akanipa maagizo. Muziki wa furaha tu, usisimame hata kidogo. Mikro asipewe mtu isipokuwa yeye. Akaona karatoni yangu mbele ya meza, akaisoma, akatabasamu, akasema hiyo ni nzuri sana, niiache hapohapo.

Chini ya hema walikuwa wameweka meza ndefu, na makarani wawili wenye vitabu. Kila mfanyakazi anapita, anapewa mfuko wa unga na kofia, anatia saini, anakwenda kula. Hakuna aliyeshangaa kuhusu saini. Kwenye viwanda ukipewa hata sabuni unatia saini. Kutoka mahali pangu niliona tu kwamba karatasi yenyewe imefunikwa na kitabu, pamebaki wazi pale pa kuweka jina. Niliona, lakini sikuwaza kitu. Nilikuwa natafuta CD inayofuata.

Mama Ngoie alikuja mstari ukiwa bado unazunguka nyuma ya hema. Sikumjua. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa kombinezo ya kiwanda, na baadaye nilijua kwamba ndiye aliyefagia ofisi za wakubwa. Simu yake, nayo ya Kichina yenye laini mbili, alikuwa ameifunga kwenye leso. Alinisalimia vizuri, akasema, "Papa, minaomba uniwekee wimbo yangu. Ni ya kwaya." Mimi nikamwonyesha karatoni kwa kidole, bila hata kutoa kaske masikioni. Akaisoma. Akaondoka.

Wimbo uliokuwa unapigwa ukaisha, nikaweka mwingine. Akarudi. Akasema wimbo wake si mrefu, nisikilize kidogo tu, hata kama sitauweka. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye kazi nyingi, kwamba sheria ni sheria, na kama nikimkubalia yeye nitaleta wote. Alitazama kule kwenye meza ya unga. Nilidhani anaogopa unga utaisha. Akaondoka tena, lakini safari hii hakwenda mbali.

Mara ya tatu hakusalimia. Aliweka simu juu ya meza yangu, kati ya vifungo, akasimama wima mbele yangu kama mtu anayengoja kupigwa.

"Papa," alisema, "na mudomo yangu mi naogopa kusema. Sikiliza na sikio yako. Kiisha unifukuze."

Nikatoa laini zote mbili, nikachomeka simu, nikaacha kifungo cha sauti chini kabisa ili kilichomo kibaki kwenye kaske yangu peke yangu.

Mwanzo nilisikia fagio. Fagio kwenye simenti, na mwanamke anayeimba kwa pua, wimbo wa kanisa kweli, anarudia mstari mmoja mara nyingi. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akijirekodi ili ajisahihishe kabla ya mazoezi ya kwaya. Kisha mlango ukafunguka, chumba cha jirani. Fagio likanyamaza. Ikaja ile sauti ya chini, ya adabu, sauti iliyokuwa imenipokea asubuhi, ikizungumza na wasimamizi wa zamu.

"Samedi kila muntu anakamata unga, anatia saini. Bila saini, hakuna unga. Lundi mulango itafungwa. Kila mwenye alitia saini, amejitoa mwenyewe ku kazi. Hakuna mwenye atatufwata kwa inspecteur ya kazi."

Msimamizi mmoja akauliza: na wale wenye watoto kwenye hospitali ya kiwanda? Ile sauti ikajibu kwamba Jumatatu watarudisha kitabu cha hospitali pale mlangoni, na wasimamizi wahakikishe feti iwe na muziki mwingi.

Muziki mwingi. Muziki huo ulikuwa mimi.

Nikainua macho. Zaidi ya nusu ya mstari ilikuwa imepita. Na pale mezani, akitoka na mfuko wa unga begani na kofia mpya kichwani, alikuwa shemeki yangu Musonda. Aliniona namtazama, akanipungia mkono.

Sasa ninyi mnaosema dijei ni mtumishi wa yule aliyemwita, mngefanya nini? Nawauliza kweli. Walinzi walikuwa sita, na mbwa. Bafle zile zilikuwa kazi yangu yote ya maisha, zimesimama katikati ya uwanja wa watu wengine. Nilimuuliza Mama Ngoie kama wakubwa wanaijua sauti yake. Alisema wanaijua, kila siku anaimba akifagia. Ile sehemu ya kuimba ndiyo ingemponza. Lakini hakunyoosha mkono kuchukua simu yake.

Hapo ndipo ufundi unapohitajika, na ndiyo maana nawaandikia ninyi na si watu wengine. Kwenye simu zile za Kichina hukuweza kuruka mbele. Ukisimamisha, inaanza upya. Kwa hiyo nilianza upya, kifungo kikiwa chini, nikawa nasikiliza fagio peke yangu kwenye kaske. Wimbo wa CD ukaisha. Sikuweka mwingine. Uwanja mzima ukanyamaza, vikasikika vijiko kwenye sahani. Mkubwa wa personeli akanigeukia kutoka mbali. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba naja, naja. Mama Ngoie anaimba masikioni mwangu, mstari uleule, na mimi namwomba amalize. Nilikuwa nimepunguza besi yote, nimeinua sauti za katikati pale maneno ya mtu yanapokaa, na kwa sababu simu ilitoa sauti upande mmoja tu, nilikuwa nimeigawa pande zote mbili. Mlango ukafunguka kwenye kaske. Nikapandisha kifungo.

"Samedi kila muntu anakamata unga, anatia saini..."

Bafle nne. Hata barabarani walisikia. Kwenye meza kulikuwa na mzee amekwisha kuinama, kalamu ya karani iko mkononi. Alisikiliza mpaka neno "lundi," akailaza kalamu juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa ajabu jinsi watu walivyosikiliza. Waliotangulia waliteremsha mifuko yao begani ili wasikie vizuri. Wasimamizi walitazama viatu vyao. Mkubwa wa personeli alianza kwa kutembea, kisha akakimbia, kofia ikaanguka. Alipoifikia kamba ya simu na kuing'oa, maneno yalikuwa yamekwisha yote, mpaka lile la muziki mwingi.

Waliokuwa bado kwenye mstari waliketi chini, palepale kwenye vumbi, na wake zao wakaja kuketi nao. Waliotia saini walikwenda mezani kudai karatasi zao, lakini makarani walikuwa wamekwisha kuzitia kwenye gari na kufunga vioo.

Mkubwa wa personeli aliniuliza simu ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akaniuliza nani amerekodi. Nikamwambia simu ni yangu. Aliniuliza mara ya tatu, na mimi nikamjibu mara ya tatu, na wakati huo wote Mama Ngoie alikuwa akikusanya sahani kwenye meza za watoto, mgongo umetugeukia. Mkubwa akaichukua ile simu akaipiga chini, kisha akaikanyaga. Walinzi walinisindikiza mimi na bafle zangu mpaka barabarani. Bafle moja iliangushwa kwa makusudi, na mpaka leo inanguruma.

Jumatatu mlango ulifungwa kama alivyosema. Sauti yangu haikufungua kiwanda, msije mkaimba kwamba Papa Sono aliokoa watu. Ila waliokataa kutia saini majina yao yalibaki kwenye orodha, vitabu vyao vya hospitali vikabaki mikononi mwao, na mwaka uliofuata wenye kiwanda wapya walipowasha mashine, hao ndio walioitwa. Mama Ngoie aliitwa pia. Nilimpelekea simu nyingine nyumbani kwake. Aliigeuzageuza, akauliza kama hii nayo inarekodi.

Mimi sikuitwa na kiwanda chochote tena kwa miaka mingi. Wenzangu wa sono, walimu wa walimu wenu, walikuja nyumbani kunilaumu. Walisema nimeharibu kazi ya wote, kwamba sasa hakuna mkubwa atakayemwamini dijei, kwamba mwenye feti ndiye mwenye muziki. Niliwapa viti na maji ya kunywa. Niliwaambia kwamba mwenye feti ni yule anayecheza, na kama asiyejua kwa nini anachezeshwa amesimama mbele yangu, sitamzidishia sauti. Walitaka niombe radhi kwa maandishi. Hayo maandishi hawakuyapata, na ninyi pia hamtayapata.

Kwa hiyo chukueni simu. Toeni mtandao kwanza. Sikilizeni kwenye kaske mpaka mwisho, si sekunde tano. Mwulizeni mwenye simu kwa nini anataka wimbo huo, maana mara nyingi jibu ni fupi na linakuonyesha pa kuuweka: ni wa mama yake, ni wa kijiji alichokimbia, ni wa siku alipomjua mke wake. Kama ni mbaya, kataeni, na mseme kwa nini. Mlevi atakuja na simu mara nane. Mwambieni hapana mara nane. Hiyo ndiyo kazi. Kubandika kanuni ukutani ili usisikilize, hiyo si kazi, ni karatoni.

Mniite mkaidi. Kwa kuweka ile simu sitajuta hata nikiwa kaburini. Lakini kuna kitu najutia, nacho si kile mnachodhani.

Shemeki yangu Musonda hakuitwa tena. Alikwenda Kasumbalesa kushusha mizigo kwenye malori ya wafanyabiashara wa Butembo, mgongo ukamwisha huko, na mtoto wao wa pili aliugua wakati hakuna tena kitabu cha hospitali. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, ila sikio lake moja halisikii. Musonda hakuwahi kunigombeza. Tulikula pamoja sikukuu zote. Mara moja tu, tukinawa mikono, alitaka kujua yule mama alinifikia lini kwa mara ya kwanza siku ile, yeye akiwa wapi kwenye mstari. Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia alikuwa bado nyuma ya hema.

Alihesabu kwa vidole, bila hasira.

"Shemeki," akasema, "ulichelewa nyimbo mbili."

Hizo nyimbo mbili nazijua. Ni nzuri, watu wanazipenda, na mara nyingi walikuja kuniomba niziweke, hata maharusi siku yao wenyewe. Niliwasikiliza wote. Sikuziweka tena.